Picha Iliyowadanganya Watazamaji

Katika miaka ya 1950 gari la senema la serikali lilikuwa likizunguka wilaya za Meru na Embu. Jioni kitambaa cheupe kilitundikwa, mashine ya umeme ikanguruma, na mfasiri akashika kipaza sauti ili aeleze kwa lugha ya wenyeji yale yaliyokuwa yakionekana. Nyingi za picha hizo zilihusu kilimo, afya na habari za serikali, nazo zilitengenezwa kwa kanuni ambayo watazamaji hawakuambiwa.

Kanuni hiyo ilitoka katika idara iliyoitwa Colonial Film Unit, iliyoanzishwa London mwaka 1939. Mkuu wake, Bwana William Sellers, aliyekuwa ameonyesha picha za afya huko Nigeria, alishika kwamba Mwafrika asiyejua kusoma hawezi kufuata hadithi inayoruka huku na huku. Kwa hiyo picha ziende polepole, jambo moja baada ya jingine, wala zisitiwe hila za kamera.

Yafaa basi wasomaji wetu waijue picha moja ya mwaka 1950, iitwayo Stage Fright, ambayo iliwanasa Waingereza wenyewe. Aliyeitengeneza ni Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyekuwa amekwisha kupata sifa kubwa Marekani, akiifuata riwaya ya Selwyn Jepson. (Asiyependa kuambiwa mwisho wa hadithi na asome kwanza kurasa nyingine.)

Mambo yanatokea London, miongoni mwa watu wa michezo ya kuigiza. Picha yaanza kwa pazia la chuma, lile la kuzuia moto katika jumba la michezo, likiinuka taratibu na kuufunua mji. Kijana Jonathan anakimbizwa na polisi, naye yumo motokaani pamoja na Eve, msichana anayejifunza uigizaji. Anamweleza kwamba Charlotte, mwimbaji mashuhuri, alimjia akiwa amevaa gauni lenye damu baada ya kumwua mumewe; kwamba yeye alikwenda nyumbani kwa bibi huyo kumletea gauni jingine, mtumishi akamwona, ndipo akashukiwa yeye. Anaposimulia, sisi twayaona yote kwa macho yetu.

Eve anampenda kijana huyo, basi anamficha kwa baba yake karibu na bahari. Baba huyo, mzee wa vichekesho anayefanya magendo kidogo, ameigizwa na Alastair Sim, na kwa maoni yangu ndiye anayeibeba picha pale katikati inapozorota. Ndiye pia anayelitazama gauni vizuri na kuona kwamba damu imepakwa kwa makusudi. Kila mtu anadhani aliyeipaka ni Charlotte. Eve anajifanya mtumishi wa kike na kuingia nyumbani kwake ili apate ushahidi. Hata siku moja, katika sherehe ya hadhara, mtoto wa Skauti anatumwa kumpelekea Charlotte mwanasesere aliyevalishwa gauni lenye doa, naye yupo jukwaani akiimba. Marlene Dietrich, aliyemwigiza Charlotte, anakatika wimbo katikati, uso umembadilika. Mtazamaji anaridhika kwamba mwuaji amepatikana.

Kumbe mwuaji ni Jonathan. Yale tuliyoonyeshwa mwanzoni yalikuwa uongo wake, ukapewa sura ya kweli na kamera. Eve anayajua hayo akiwa peke yake pamoja naye gizani, chini ya jukwaa, akitambua kwamba mtu aliyemficha na kumtetea sasa anaweza kumwua yeye. Anaokoka kwa kutumia ule ule ufundi wake wa kuigiza. Jonathan anakimbilia jukwaani, na pazia la chuma linateremshwa juu yake.

Watazamaji wengi walikasirika. Walisema kwamba mtu katika hadithi aweza kudanganya, lakini picha haina ruhusa. Hitchcock mwenyewe, alipohojiwa na Mfaransa François Truffaut katika miaka ya 1960, alikubali kwamba alikosea.

Mimi sioni kosa kubwa. Wazee wa Njuri Ncheke, ambao makao yao yako Nchiru katika Meru, wamekaa miaka mingi wakisikiliza madai, nao hawayahesabu maneno ya msemaji wa kwanza kuwa hukumu, hata yakiwa yamepangwa vizuri namna gani. Jonathan alisemea motokaani mbele ya msichana anayempenda, wala hapakuwa na wa kumwuliza swali. Mzee wa baraza angeuliza mapema: ni nani mwingine aliyeyaona haya? Watazamaji wa London hawakuuliza, ingawa hakuna aliyesema kwamba wao hawawezi kufuata picha.

Anayeipata leo na aitazame mara mbili. Mara ya pili, asimtazame Jonathan anaposimulia. Amtazame Eve anavyomwamini.