NAZI MOJA, KAZI NYINGI
Vitu vya nyumbani visivyohitaji fedha nyingi

Mtu wa Pwani akiulizwa nazi hufaa nini, hujibu upesi ya kwamba nazi ni ya tui, na tui ni la wali, la mchuzi na la kunde. Jibu hilo si la uongo, lakini ni robo tu ya jibu. Nazi ikisha kukunwa, kumbi hutupwa nyuma ya nyumba, kifuu huachwa uani, na machicha hupewa kuku. Kisha mwenye nyumba huyo huyo hushika njia kwenda dukani, Malindi au Kilifi, kununua upawa, ufagio, kamba ya kuanikia nguo na peremende za watoto. Vitu vinne ambavyo vyote angaliweza kuvipata katika mnazi ule ule ulio mlangoni pake.

Hatusemi ya kwamba duka ni baya. Tunasema ya kwamba fedha zinazobaki mfukoni huweza kununua daftari la mtoto au dawa ya mgonjwa, vitu ambavyo mnazi hauzai. Basi yafaa tueleze jinsi vitu hivyo vinavyotengenezwa, na pia jinsi ya kutumia vitu vilivyotupwa bila ya kuleta hatari nyumbani.

Upawa na kata

Nazi ikivunjwa katikati, kipande kimoja huwa na macho matatu, na cha pili hakina. Kipande kisicho na macho ndicho kifaacho, maana hakivuji. Kiparuzwe nje kwa kisu mpaka nyuzi zote zitoke, kisha kisuguliwe kwa msasa mpaka king'ae. Toboa matundu mawili yanayoelekeana karibu na ukingo kwa msumari uliotiwa motoni, kisha pitisha kijiti kigumu katika matundu yote mawili ili kibane sawasawa. Ukitaka kukiteka maji mtungini, kifuu kiachwe na kina kirefu, nacho huitwa kata. Ukitaka kuteka mchuzi, kikatwe kiwe kifupi, nacho huitwa upawa. Kipakwe mafuta ya nazi mara kwa mara, kisipasuke.

Kamba ya usumba

Kazi hii yataka subira. Makumbi huzikwa ufuoni, mahali ambapo maji hujaa na kupwa, yakagandamizwa kwa mawe na kuachwa kwa miezi kadhaa. Maji ya chumvi na kuoza huilegeza nyama iliyoshika nyuzi. Kisha makumbi hufukuliwa, hupigwa kwa gongo juu ya gogo, huoshwa na kuanikwa juani. Nyuzi zinazobaki ndizo usumba, nazo husokotwa kwa viganja mpaka zikawa kamba. Harufu yake si nzuri, kwa hiyo kazi hii hufanywa mbali na nyumba.

Mtu asidhani ya kwamba kamba hii ni duni. Mitepe, vyombo vya kale vya pwani yetu, haikupigwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba ya nazi, navyo vilisafiri baharini vikiwa vimebeba shehena. Hata katika jimbo la Kerala, nchini India, watu huloweka makumbi kwa njia kama hiyo, na kazi hiyo imelisha nyumba nyingi sana.

Ufagio, mkeka na kikapu

Kuti lililoanguka lisichomwe. Kila jani lake lina uti mwembamba katikati, nao huitwa chelewa. Chelewa zikichunwa kwa kisu na kufungwa pamoja kwa kamba, huwa ufagio wa uani ambao hudumu kwa muda mrefu. Makuti mabichi hufaa kwa kusuka pakacha la kuchukulia maembe na mihogo; lakini yasikatwe yale machanga yaliyo kileleni, maana mnazi ulioharibiwa moyo wake hauponi.

Mikeka na vikapu hutokana na miti mingine, yaani mkindu na mkoma. Majani huchanwa, huanikwa, na mengine hutiwa rangi kwa kuchemshwa. Kisha husukwa ukili, yaani ule mshipi mrefu mwembamba, na kili hizo hushonwa pamoja mpaka zikawa mkeka. Anayejifunza aanze kwa ukili mwembamba wa rangi moja. Akisha kuzoea, achanganye rangi.

Kikapu kina heshima mpya siku hizi. Tarehe 28 Agosti 1917 haikuwa siku ya kukumbukwa na wafanya biashara ya vikapu, lakini tarehe hiyo hiyo miaka mia baadaye, yaani 28 Agosti 2017, sheria ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Mtu aliyekuwa akiona haya kwenda sokoni na kikapu cha bibi yake alijikuta akikitafuta. Wengine walikitafuta wasikione, wala hawakumwona aliyejua kukisuka.

Vitamu vya watoto

Kashata ni rahisi. Chukua vikombe viwili vya nazi iliyokunwa, ambayo haikukamuliwa tui. Machicha hayafai, maana mafuta yake yamekwisha toka. Chemsha kikombe kimoja na nusu cha sukari katika nusu kikombe cha maji mpaka iwe nzito na kuvutika. Tia nazi na iliki iliyopondwa, ukoroge juu ya moto mdogo bila ya kuacha, mpaka mchanganyiko uachane na sufuria. Umwage katika sinia iliyopakwa mafuta, uutandaze kwa unene wa kidole, na ukate vipande ungali na moto. Ukingoja upoe, utavunjika ovyo.

Mabuyu hutoka katika mti ambao Kilifi imejaliwa kuwa nao kwa wingi. Vunja buyu, toa mbegu zenye unga mweupe, uondoe nyuzi. Kwa vikombe vinne vya mbegu, chemsha vikombe viwili vya sukari na kikombe kimoja cha maji, pamoja na iliki, chumvi kidogo na pilipili kidogo. Sukari ikiwa nzito kama asali, tia rangi, kisha mbegu, ukoroge juu ya moto mdogo mpaka kila mbegu ivae sukari na kukauka.

Hapa pana onyo. Rangi ya mabuyu sharti iwe rangi ya chakula, yenye maandishi ya kuonyesha hivyo. Katika nyumba ya msukaji mikeka huwapo pia rangi ya ukindu, nayo huweza kuwa nyekundu vile vile. Rangi hiyo si ya kuliwa. Iwekwe mbali na jikoni, katika chombo chake chenye alama, na sufuria iliyochemshia ukindu isipikiwe chakula kamwe.

Vitu vilivyotupwa

Kadhalika yako mambo mengi mazuri katika vitu kuukuu. Leso mbili zilizochakaa katikati bado zina pindo zima. Zikishonwa pamoja na kujazwa usufi, huwa mto mzuri wa kiti. Shuka la mitumba lililo imara hufaa kuwa pazia. Lakini kabla ya kulipa, liinue juu ulitazame dhidi ya mwanga, maana kitambaa kilichokwisha hujionyesha hapo. Nalo lifuliwe vizuri na kupigwa pasi kabla ya kutumiwa. Mabati makuukuu nayo mafundi huyafanya majiko. Jiko la bati lililotiwa udongo wa kuchomwa ndani yake, lililoanza kuenea Kenya katika miaka ya 1980, hutumia makaa machache kuliko jiko la bati tupu.

Hata ndala zilizokatika zina kazi. Mwaka 2018, katika Lamu, mafundi walikamilisha jahazi lililoundwa kwa plastiki zilizotupwa, na ubavu wake ukafunikwa kwa vipande vya ndala za rangi nyingi zilizookotwa. Jahazi hilo, liitwalo Flipflopi, lilisafiri mwaka 2019 kutoka Lamu hata Unguja. Ikiwa takataka huweza kuvuka bahari, bila shaka huweza kukaa sebuleni.

Illa si kila kitu kilichotupwa kinafaa kuokotwa. Yako mambo matatu ambayo msomaji sharti ayashike.

Kwanza, dumu au kopo lililokuwa na dawa ya kuulia wadudu lisitiwe maji ya kunywa, wala unga, wala mafuta ya kupikia, hata likioshwa mara kumi. Sumu huingia katika plastiki, nayo haionekani.

Pili, mafuta ya taa yasitiwe katika chupa ya soda. Mtoto huijua chupa kwa umbo lake, hajui kilichomo. Ikiwa mtoto amekunywa mafuta ya taa, asilazimishwe kutapika, kwa sababu mafuta yakipanda huweza kuingia mapafuni; apelekwe hospitali mara moja.

Tatu, kitu chochote kinachoweza kushika maji ya mvua, kama gurudumu, kopo au kifuu, kisiachwe kikitazama juu. Mbu waletao homa ya dengi huzaliana katika maji machache kama hayo, karibu na nyumba za watu. Homa hiyo ilizuka hapa hapa Malindi na Kilifi mwaka 1982. Basi kifuu kilichotupwa uani si takataka tu, bali huweza kuwa nyumba ya adui. Kifuu kilichofanywa upawa hakina nafasi ya kufuga mbu.

Neno la mwisho

Kazi hizi zote hazikuandikwa sana vitabuni. Zimo katika mikono ya akina bibi na akina babu, nazo hupita kutoka mkono hata mkono. Mkono mmoja usipofundisha, au mkono wa pili usipotaka kujifunza, kazi hukatika kama ukili uliokosa jani. Fedha huweza kununua kikapu, lakini haziwezi kumrudisha msukaji aliyekwisha fariki.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Mzazi, siku ambayo watoto hawaendi shule, waketishe karibu na nyanya yao, na kila mmoja apewe majani yake. Ukili wa kwanza utakuwa mbaya, usiwacheke. Na jioni, wakiisha kazi, wagawie kashata walizokuna nazi yake wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.