Mguu ukipoa ghafla usiku, usingoje asubuhi

Leo, kutoka hapa Kampala, tunazungumza juu ya mguu unaozibwa damu.

Umelala mzima. Usiku unaamka, mguu mmoja unauma vibaya, umepoa kuliko mwenzake, umepauka, vidole vimekufa ganzi. Majirani watasema umekanyaga dawa. Mara nyingi ni bonge la damu limeziba mshipa unaopeleka damu mguuni. Bonge hilo huweza kutoka moyoni, hasa kwa mtu ambaye homa ya baridi yabisi ilimharibu moyo utotoni. Ugonjwa huo tunao sana Uganda.

Nyama isiyopata damu huanza kufa baada ya masaa 6 hivi. Kwa hiyo usisugue, usichanje chale, usiweke maji ya moto, maana mguu wenye ganzi unaungua bila wewe kujua. Ufunike kwa kitambaa, usiuinue juu ya mto, uende kituo cha afya usiku huo huo. Taja saa maumivu yalipoanza. Omba wapime mapigo ya damu kwenye miguu yote miwili. Sindano ya heparini huzuia bonge lisikue wakati gari la rufaa linatafutwa.

Wengi wanakimbia hospitali wakiogopa kukatwa mguu. Jamani, kuchelewa ndiko kunakokata miguu! Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mmarekani Thomas Fogarty alitengeneza katheta, yaani mpira mwembamba wenye puto dogo kwenye ncha. Puto la kwanza alilikata kwenye kidole cha glavu. Daktari hupasua kidogo kwenye kinena, hupitisha mpira ndani ya mshipa mpaka uvuke bonge, hujaza puto, kisha huvuta polepole. Bonge linatoka nalo. Siku hizi ziko katheta zinazofyonza bonge kupitia tundu la sindano, ila zinahitaji chumba chenye mashine ya eksirei, na ni ghali.

Mulago ndiyo hospitali ya rufaa ya taifa, na Taasisi ya Moyo ya Uganda iko papo hapo. Lakini Mbarara peke yake ni kilomita 270 hivi kutoka Kampala, na Nakivale ni mbele zaidi. Masaa yako yanaliwa na barabara. Kama uliwahi kuambiwa una ugonjwa wa moyo, beba karatasi zako zote unapotoka nyumbani.

Baada ya wimbo huu, tangazo la mgao wa chakula.