Subira ya Margarethe von Trotta

Wahenga walinena kwamba subira huvuta heri. Kwa muda mrefu nimeitilia shaka methali hii, maana aghalabu huhubiriwa wasichana na watu ambao wao wenyewe hawakungojea chochote. Maisha ya Margarethe von Trotta, mwigizaji wa Kijerumani aliyekuja kuwa mwelekezi wa filamu, yamenifanya niitafakari upya.

Bi. von Trotta alizaliwa Berlin mwaka wa 1942, akalelewa na mama yake. Katika ujana wake, akiwa Paris, alitazama filamu ya Msweden Ingmar Bergman na kutamani kuwa mwelekezi. Lakini Ujerumani Magharibi ya siku hizo haikumwazia mwanamke kazi hiyo. Basi akaingilia mlango uliokuwa wazi, yaani uigizaji. Alicheza jukwaani Stuttgart na Frankfurt, kisha katika filamu za Rainer Werner Fassbinder.

Hata hivyo, subira yake haikuwa ya kukunja mikono. Mwaka wa 1972 alishiriki kuandika mswada wa "Strohfeuer", filamu iliyoelekezwa na mumewe, Volker Schlöndorff, naye akawa mhusika mkuu. Mwaka wa 1975 wawili hao walielekeza pamoja filamu iliyotokana na kitabu cha Heinrich Böll, kuhusu mtumishi wa nyumbani, Katharina Blum, anayechafuliwa jina na gazeti. Alipoelekeza filamu peke yake mwaka wa 1978, alikuwa na umri wa miaka 36. Miaka mitatu baadaye, "Die bleierne Zeit", kisa cha dada wawili wanaotafuta haki kwa njia zinazokinzana, ilituzwa Simba wa Dhahabu huko Venice.

Wapo watakaodai kwamba alibebwa na mumewe. Sikubaliani nao. Walitalikiana mwaka wa 1991, na bado mwaka wa 2012, akiwa na miaka 70, alitoa filamu kuhusu mwanafalsafa Hannah Arendt.

Walimu wenzangu, tunapogawa kazi za mchezo wa shule, msichana hodari hupewa nafasi ya kuigiza, tukadhani tumemtendea haki. Je, tumewahi kumwuliza iwapo angependa kuuelekeza? Nawe mwanafunzi, usipoulizwa, omba. Bi. von Trotta alingojea, lakini alikuwa kazini.