Kati ya Kuingia na Kuhitimu: Misaada kwa Wanafunzi Wahitaji wa Vyuo Katika Kaunti za Migori na Homa Bay

Haba na haba, walinena wahenga, hujaza kibaba. Methali hii hutumiwa kumtia moyo mwenye kidogo. Kwa mwanafunzi wa chuo anayetoka katika familia maskini kandokando ya Ziwa Viktoria, hata hivyo, ina maana nyingine isiyofurahisha. Kibaba chake cha karo hujazwa na haba zitokazo katika mikono mingi, na haba moja ikikosekana, kibaba hakijai naye huenda asiruhusiwe kufanya mtihani. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi misaada hiyo inavyofanya kazi katika kaunti za Migori na Homa Bay, na kwa nini imeelekezwa zaidi katika kumwingiza kijana chuoni kuliko kumfikisha siku ya mahafali, au kumpandisha kutoka chuo cha ufundi hadi chuo kikuu.

Ni muhimu kwanza kuelewa pesa za nyumbani hutoka wapi. Huko Awendo mkulima hutegemea miwa inayopelekwa katika kiwanda cha Sony, na miwa huchukua zaidi ya mwaka mmoja kukomaa kabla ya malipo hata kuanza kungojewa. Mbita na Rusinga hutegemea omena na samaki wengine wa ziwani, na kuna miezi ambayo uvuvi wa omena hufungwa. Nyatike kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu karibu na Macalder. Kuria kuna tumbaku na mahindi. Hakuna hata moja kati ya kazi hizi inayolipa kwa kufuata kalenda ya mihula. Isitoshe, utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine yoyote nchini. Migori nayo ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoathirika zaidi. Ndiyo maana mlezi wa mwanafunzi, mara nyingi, ni bibi yake.

Vyuo vyenyewe vipo, tena vya ngazi mbalimbali. Kuna vyuo vya ufundi vya vijijini vilivyo chini ya serikali za kaunti. Kuna taasisi za kiufundi za serikali ya kitaifa, kama ile ya Mawego upande wa Kendu Bay. Kuna matawi ya chuo cha mafunzo ya utabibu mjini Homa Bay na mjini Migori, na vyuo vya ualimu vya Asumbi na Migori. Juu ya ngazi kuna vyuo vikuu viwili: Rongo, kilichopata hati yake ya kujitegemea mwaka wa 2016, na Tom Mboya, kilichoanza mwaka huo huo kama chuo kishiriki cha Maseno. Aliyepata alama ya C+ katika mtihani wa kidato cha nne anaweza kuingia chuo kikuu moja kwa moja. Mwenye C- huingia stashahada, mwenye D huingia kozi ya cheti, na wa chini ya hapo hupokelewa katika kozi za mafundi stadi. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka wa 2014 iliyounda mfumo wa kitaifa wa sifa za kitaaluma, viwango hivi vimepangwa kuanzia 1 hadi 10, ili aliye chini aweze kupanda. Kwenye karatasi, basi, ngazi imekamilika.

Je, nani hulipia kila kipago? Hapa ndipo penye utata. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995, hukopesha wanafunzi wa vyuo vikuu na wa vyuo vya kiufundi. Mwaka wa 2018 serikali ililinganisha karo ya vyuo vya kiufundi nchini kote kuwa shilingi 56,420 kwa mwaka, ikajitwika shilingi 30,000, na zile 26,420 zilizosalia mwanafunzi akaruhusiwa kuziomba kama mkopo. Mwaka wa 2023 ulikuja mfumo mwingine uliowagawa wanafunzi kulingana na uhitaji wa familia zao, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mfumo huo, kwa upande wa vyuo vikuu, ulikiuka Katiba. Juu ya mikopo kuna basari: ile ya hazina ya maeneobunge, iliyoanza mwaka wa 2003 na ambayo sheria yake nayo ilitangazwa na Mahakama Kuu mwezi wa Septemba 2024 kuwa kinyume cha Katiba, na ile ya kaunti, inayogawanywa kwa wadi.

Basari ya kaunti inastahili kuangaliwa kwa makini kidogo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini tu. Vyuo vikuu na taasisi za kiufundi ni vya serikali ya kitaifa. Kwa msingi huo, Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti aliziagiza kaunti zisitoe basari nje ya mamlaka yao bila makubaliano rasmi na serikali kuu. Magavana walilipinga agizo hilo. Kisheria hoja ya mdhibiti ina mashiko, lakini kwa mwanafunzi mpaka baina ya serikali mbili hauna maana yoyote. Yeye hupanda ngazi moja, ilhali walipaji wake hubadilika katika kila kipago.

Fikiria msichana wa Nyatike, yatima, aliyepata D+ na kujiunga na kozi ya cheti cha umeme katika taasisi iliyo upande wa Homa Bay. Mkopo unalipa sehemu ya karo. Basari ya eneobunge huidhinishwa mara moja kwa mwaka, na hundi hutumwa chuoni, pengine baada ya muhula kwisha. Hakuna kati ya hizo inayolipa nauli ya bodaboda na matatu, kodi ya chumba cha nje, au chakula cha jioni. Akipata barua ya mazoezi ya kazini katika kampuni ya Kisumu, gharama hupanda tena bila basari kupanda. Wengi wa namna hii hawafeli mtihani. Huenda nyumbani kutafuta pesa, na muhula mmoja wa kutafuta pesa huwa miwili.

Mfano wa mbali unaweza kulimulika jambo hili. Mwaka wa 2007 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mpango uitwao ASAP kwa wanafunzi maskini wa vyuo vyake vya jamii vya miaka miwili. Mpango huo ulijaza pengo la karo, lakini haukuishia hapo: ulitoa vitabu, kadi za usafiri wa mabasi na treni, na mshauri mwenye wanafunzi wachache ambaye kila mmoja alilazimika kumwona mara kwa mara. Utafiti uliowagawa wanafunzi kwa bahati nasibu ulionyesha kwamba baada ya miaka mitatu asilimia 40 ya waliomo mpangoni walikuwa wamehitimu, ikilinganishwa na asilimia 22 ya wenzao. New York si Nyatike, na fedha za kule si za huku. Hata hivyo, kadi ya usafiri na mtu wa kuuliza, "Mbona hukuja wiki iliyopita?" si mambo yanayohitaji utajiri wa Marekani. Vyuo vyetu vina wakuu wa wanafunzi. Tatizo ni kwamba mmoja huhudumia maelfu.

Upande huu wa ziwa ulipata kuona msaada uliotazama mbali. Tom Mboya, ambaye kwao ni Rusinga na ndiko alikozikwa mwaka wa 1969, aliandaa safari za ndege zilizowapeleka vijana masomoni Marekani. Ndege ya kwanza, mwaka wa 1959, ilibeba wanafunzi 81. Tiketi ilikuwa mwanzo tu: vyuo vya kule vilitoa nafasi za ufadhili, wafadhili wakachanga, na huku nyumbani jamaa na majirani wakafanya harambee za pesa za matumizi. Misaada ya kigeni ina hatari yake pia. Mradi wa DREAMS wa serikali ya Marekani, uliowalipia wasichana wengi wa Homa Bay karo na mafunzo, ulitikiswa pale Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025.

Kuhusu kupanda kutoka stashahada hadi shahada, vyuo vyenyewe vimepanda kwa wepesi kuliko wanafunzi. Chuo Kikuu cha Rongo kilichipuka katika uwanja wa iliyokuwa Taasisi ya Teknolojia ya Moi. Nchini kote vyuo anuwai vya Nairobi na Mombasa vilifuata njia hiyo hiyo, vikawa vyuo vikuu mwaka wa 2013. Mwanafunzi mwenye stashahada anapoomba kujiunga na shahada, kila chuo kikuu huamua chenyewe ni masomo mangapi kitayatambua. Asipotambuliwa, huanza mwaka wa kwanza, na kulipia tena alichokwisha kusoma. Walimu wenye cheti cha P1 wanalijua hili vyema. Tangu vyuo vya ualimu vilipohamia stashahada mwaka wa 2021, cheti chao kimepungukiwa thamani, na wengi husoma wakati wa likizo kwa mshahara ambao tayari una makato ya mkopo wa benki.

Limebaki suala la lugha, ambalo huenda wasomaji wa jarida hili wakaliona dogo. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Chifu akitangaza basari katika baraza, hutumia Kiswahili au Dholuo, na Kuria Kikuria. Fomu yenyewe huwa ya Kiingereza, sawa na masharti ya mkopo: riba, muda wa kuanza kulipa, faini ya kuchelewa na wajibu wa mdhamini. Bibi wa yule msichana wa Nyatike, akiombwa kumdhamini mjukuu wake, husomewa maneno hayo na mjukuu huyo huyo, katika tafsiri ya papo kwa papo, kisha hutia sahihi.