Macho ya Nyuma kwa Gari la Kulala

Kwenye barabara kuu ya Mwanza–Musoma, miezi ya Juni na Julai nyumbu wanapokuwa upande wa magharibi wa Serengeti, utayaona magari ya kulala yakikata kona kuingia Lango la Ndabaka. Mengine yameshuka kutoka Kenya kupitia Sirari: Land Cruiser yenye hema juu ya keria, au lori kuukuu la Ulaya lililopandishwa kibanda chenye kitanda na jiko. Mengine ni ya hapahapa: Coaster iliyostaafu kubeba abiria, ikang'olewa viti, ikawekwa godoro, tanki la maji na sola juu ya paa. Yote yana ugonjwa mmoja. Dirisha la nyuma ama halipo ama limezibwa na kabati, na kioo cha katikati kilichopo juu ya dereva kinamwonyesha pazia.

Vioo vya pembeni vinaonyesha mbavu za gari. Nyuma kabisa ya bampa, pale mtoto anapoinama kuokota mpira, havifiki. Wamarekani walipotunga kanuni ya kamera za kurudi nyuma mwaka 2014, mamlaka yao ya usalama barabarani ilikadiria kwamba watu 210 hufa kila mwaka nchini humo kwa kugongwa na magari yanayorudi nyuma, na karibu theluthi yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Kuanzia Mei 2018 kila gari jipya dogo linalouzwa kule lazima liwe na kamera. Japani, yanakotoka magari mengi tunayoendesha huku, ilianza kulazimisha mwaka 2022 kwa matoleo mapya. Maana yake mitumba ya miaka ijayo itashuka bandarini na kamera zake. Magari ya leo mengi hayana, au yanayo lakini imekufa, na kwa Coaster iliyogeuzwa nyumba kazi inabaki kwa fundi umeme wa mtaani.

Ushauri wangu ni mmoja, na wauza duka hawaupendi: usimalizie pesa kwenye kamera. Bakiza za waya, raba, fyuzi na muda wa fundi. Kamera nyingi zinazorudishwa dukani kwamba "ni feki" ukizipima mezani zinafanya kazi vizuri kabisa.

Kabla hujauliza bei, angalia betri. Hiace, Noah na Land Cruiser nyingi ni volti 12. Coaster nyingi za dizeli, Rosa na Fuso zina betri mbili zilizoungwa pamoja kupata volti 24. Kamera iliyoandikwa 12 ikipewa 24 inaungua, wakati mwingine pamoja na skrini yake. Fundi mwenye haraka atakwambia usijali, atachukua umeme kwenye betri moja tu kati ya mbili. Kwa kamera peke yake, inayowaka unaporudi nyuma tu, madhara ni madogo. Tatizo ni kwamba njia ikishafunguliwa, redio huifuata, kisha chaja za simu, kisha friji ndogo. Betri moja inanyonywa, mwenzake inajazwa kupita kiasi, zote mbili zinakufa kabla ya wakati, na lawama inamwangukia muuza betri. Nunua seti inayokubali volti 10 hadi 32, au funga kipunguza volti kinachochukua umeme kwenye betri zote mbili.

Kuna mtego mwingine ambao umeua kamera nyingi nzuri. Gari la Toyota limetoka Japani na redio yake ya Kijapani, ramani ya Tokyo na kamera safi nyuma. Mwenye gari anataka redio ya Android. Fundi anang'oa ya zamani, anaunga waya wa kamera kwenye umeme wa taa ya rivasi, anaweka gia, picha inaonekana mara moja halafu basi. Kamera nyingi za kiwandani za Toyota hutumia volti takriban 6, ambazo zilikuwa zinatoka kwenye redio ileile iliyong'olewa. Kipunguza volti kidogo kama kidole gumba kingeiokoa. Kama unabadilisha redio, mwulize fundi swali hili kabla hajashika bisibisi, na kama hajui jibu, apime kwa mita.

Sasa kamera yenyewe. Kwenye boksi utasoma nyuzi 170 kwa maandishi makubwa. Upana ni mzuri kwa kuona pikipiki inayokatiza nyuma yako, lakini kadiri jicho linavyokuwa pana ndivyo vitu vinavyoonekana vidogo na vya mbali kuliko vilivyo. Ukuta ulio mita moja unaonekana kama mita tatu. Kwa gari refu la kulala napendelea nyuzi 120 hadi 140. Pembeni utakosa kidogo, ila vioo vya ubavuni vipo kwa kazi hiyo.

Angalia alama ya kuzuia maji: IP67 ni kiwango cha chini ninachokubali, na kwa gari linalooshwa kwa pampu ya presha tafuta IP69K. Kwa usiku chagua yenye vitaa vya infraredi badala ya taa nyeupe. Mkazi yeyote wa kando ya Ziwa Victoria anajua visubi wanavyojaa kwenye taa. Weka taa nyeupe pembeni ya lenzi ufukweni, na baada ya dakika chache skrini itakuonyesha wadudu tu. Hakikisha pia kamera na skrini vinaelewana. Kamera za AHD zina picha kali, lakini ukiziunga kwenye skrini ya mfumo wa zamani utapata giza au mistari inayokimbia, na utadhani umeuziwa mbovu. Ukinunua vyote viwili kama seti moja, umeepuka kesi hiyo.

Za bila waya zinauzwa kwa maneno matamu. Zinahitaji waya wa umeme nyuma vilevile, kwa hiyo jina lenyewe ni nusu ya ukweli. Nyingi hurusha picha kwa masafa ya gigahezi 2.4, masafa ya Wi-Fi na Bluetooth, na picha inapaswa kupita kwenye bati, kabati na karatasi ya fedha ya kuzuia joto. Ikikwama hata sekunde moja, gari limeshasogea. Kwenye Noah zinaweza kufaa. Kwenye gari la mita saba, vuta waya.

Pa kuifunga ni swali lenye majibu mengi. Juu ya bamba la namba inaona bampa vizuri, lakini inakula matope yote. Juu karibu na paa inaona mbali, na kwa gari la kulala ndipo ninapopapenda, mradi tairi la spea na ngazi visizibe sehemu ya chini ya picha. Usidhani kule juu utaliepuka vumbi. Gari lenye mgongo wa bapa linapokwenda kasi huacha nyuma yake nafasi ya hewa pungufu, na nafasi hiyo hufyonza vumbi na kulirudisha mgongoni kwake. Ndiyo maana basi lililotoka kwenye barabara ya vumbi huwa limechafuka nyuma kuliko mbele. Ukitoka hifadhini, futa lenzi kwa kitambaa chenye maji kabla ya kurudi nyuma mahali popote. Kitambaa kikavu kitaikwaruza.

Jua nalo lina ratiba yake Musoma. Mji umekaa kwenye rasi upande wa mashariki mwa ziwa, na jua huzama majini. Madereva wa magari ya kulala hupenda kurudisha mgongo wa gari ziwani ili waamke wakitazama maji, na hufika jioni. Kamera inatazama jua lile uso kwa uso na skrini inageuka nyeupe. Kikofia juu ya lenzi kinapunguza, na kamera yenye uwezo wa kusawazisha mwanga na kivuli inasaidia zaidi, lakini saa kumi na mbili jioni ukielekea majini, mtu ashuke.

Tufike kwenye waya, maana hapa ndipo kazi inapoharibika. Kamera ikifungwa kwenye mlango wa nyuma, waya lazima upite kwenye bawaba, na kila mlango unapofunguliwa waya unakunjwa. Gari la kulala linafunguliwa mara nyingi kuliko daladala: kutoa jiko, kuchukua viatu, kumpisha mtu aende chooni. Waya uliovutwa ukakaza hukatika ndani ukiwa mzima nje, na picha huanza kuja na kuondoka kadiri barabara inavyotikisa. Acha kitanzi cha ulegevu, upitishe kwenye bomba la raba lililotoka na gari pamoja na nyaya nyingine za mlango. Tundu lolote jipya la bati lipakwe rangi kwenye kingo na livishwe raba, la sivyo bati litakula waya na kutu italila bati.

Vibanda vya faiba, hasa vya magari ya Ulaya, vina mambo mawili ya ziada. Kwanza, faiba haipitishi umeme. Fundi aliyezoea kufunga ethi popote kwenye bodi atafunga skrubu yake, kamera haitawaka, na saa nzima itapotea. Waya wa ethi uvutwe mpaka kwenye fremu ya chuma. Pili, ukuta wa faiba mara nyingi ni tabaka mbili zenye mbao au povu katikati. Tundu lisilojazwa silikoni linaingiza maji, na mbao itaoza kimyakimya ndani ya ukuta. Utakapoona doa kwenye kitanda, ukuta umeshalainika.

Kwenye bodi ya bati, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga ethi kwa bolti, kisha paka grisi. Ukiona mistari inayopanda na kushuka kwenye picha injini ikiwaka, na inapotea injini ikizimwa, mara nyingi kamera na skrini zina ethi mbili tofauti na kelele ya jenereta inapita katikati. Zipeleke mahali pamoja kabla hujanunua kamera nyingine.

Umeme wa kamera kwa kawaida hutoka kwenye taa ya rivasi: unaweka gia, taa inawaka, kamera inaamka. Weka fyuzi ya ampea 2 karibu na unapochukulia umeme. Baadhi ya magari mapya ya Ulaya hupeleka umeme wa taa hiyo kwa kuukatakata kwa kasi, jicho halioni lakini kamera inapepesa. Hapo tumia rilei yenye kichujio, taa iiamshe tu. Kwa gari lisilo na dirisha la nyuma ningeongeza swichi ya kuiwasha hata ukiwa safarini, ili uione Scania iliyokubana nyuma kabla hujapunguza mwendo kukata kona Makutano kuelekea Butiama. Swichi hiyo ichukue umeme unaokatika ukizima ufunguo. Ikichukua moja kwa moja kwenye betri, skrini itaachwa ikiwaka usiku kucha, na asubuhi utaomba watu wakusukume.

Fundi akimaliza usilipe bado. Tafuta uwanja bapa na ndoo ndogo. Kanuni ya Marekani inataka kamera ionyeshe eneo la mita 3 kwa upana na 6 kwa urefu nyuma ya gari, na picha itokee ndani ya sekunde 2 baada ya kuweka gia. Kipimo hicho kinafaa hata kwa Coaster ya Bunda. Weka ndoo kwenye kila pembe, kisha isogeze polepole mpaka chini ya bampa, mwenzako akiwa kwenye usukani akisema anapoacha kuiona. Bampa yenyewe ionekane kama ukanda mwembamba chini ya picha. Bila hiyo hujui gari lako linaishia wapi. Hakikisha pia kulia ni kulia: kamera ya nyuma hugeuza picha kama kioo, na yenye kiwaya cha kuchagua ikiachwa vibaya utakata usukani upande wa shimo.

Ile mistari ya kijani, njano na nyekundu ipime kwa futi na chaki, kisha uijue tabia yake. Imechorwa kwa ajili ya ardhi bapa. Ukirudi nyuma kupanda mwinuko, jiwe lililo mbele ya kamera linaonekana mbali kuliko lilivyo, na Mara si mkoa wa kuchezea mawe. Isitoshe, mistari hiyo inapima kitu kilichogusa ardhi. Matairi ya Fuso yanaweza kuwa mita mbili kutoka kwako huku mkia wa bodi lake, unaoning'inia hewani, ukiwa umekaribia kugusa kabati lako.

Juu kamera haioni kabisa. Tawi la mwembe, waya wa umeme uliolegea, ukingo wa paa la kibanda cha mlinzi: sola yako itavipata kabla ya skrini. Kwa hiyo kazi ya konda haijaisha. Madereva wetu wana lugha iliyokomaa kwa hili: "Rudi suka, rudi, kata kulia, rudi," kisha kofi moja la kiganja kwenye bodi, na gari linasimama. Kwenye Hiace kofi hilo linasikika mpaka mtaa wa pili. Gari la kulala limetandikwa sponji na mbao kuta zote, kofi la nje halifiki kwa dereva, kwa hiyo shusha dirisha, zima redio, na konda asimame ubavuni mahali unapomwona kwenye kioo.