Dramu Zisizochoka za Birmingham

Albamu ya Streetcleaner ilitoka Novemba 1989 chini ya lebo ya Earache ya Uingereza. Bendi iliyoirekodi, Godflesh ya jijini Birmingham, msingi wake ni watu wawili: Justin Broadrick, anayeimba na kupiga gitaa, na G.C. Green, anayepiga besi. Rafiki yao Paul Neville aliongeza gitaa katika sehemu ya pili ya albamu. Dramu zote zilipigwa na mashine. Ukiuliza kwa nini muziki wa metali ya viwandani wa miaka iliyofuata ulikuwa mzito namna ile, sehemu kubwa ya jibu imo humu.

Birmingham ilikuwa na historia yake na chuma. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda cha mabati akiwa na miaka 17. Alijitengenezea kofia za plastiki za kuvika vidole hivyo, akatumia nyuzi nyepesi, baadaye akazilegeza ili mkono usiumie, na ule mlio mzito wa metali ukapata mwanzo wake hapo. Broadrick alizaliwa katika jiji hilohilo mwaka 1969. Alipofika utu uzima viwanda vilikuwa vimeanza kufungwa, na vijana wa mitaa ya nyumba za halmashauri walikuwa hawana kazi ya kungojea. Naamini hali hiyo inasikika katika kila wimbo wa albamu hii, ingawa hakuna hata mmoja unaohutubia siasa.

Kabla ya Godflesh, Broadrick alipiga gitaa katika upande wa kwanza wa Scum, albamu ya Napalm Death ya mwaka 1987, akiwa hajafikisha miaka 18. Kwenye upande huo umo wimbo wa You Suffer, wenye urefu wa sekunde moja na ushei. Mwendo kasi ulikuwa umefika mwisho wake, na asingeweza kwenda mbele zaidi kwa njia hiyo. Alipogeuka, akageuka kabisa: nyimbo za Streetcleaner zinajikokota, na baadhi zinakaribia dakika 7.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Broadrick mwenyewe alikuwa mpiga dramu. Alipiga katika bendi ya Head of David, na kabla yake katika Fall of Because, bendi ya kina Green na Neville ambamo mbegu ya Godflesh ilipandwa. Kwa hiyo alipoamua kutumia mashine mwaka 1988 alijua fika anachokiacha. Mpiga dramu wa kweli husikiliza wenzake. Kiitikio kikikaribia, mkono wake unaongeza nguvu. Mwimbaji akipandisha sauti, naye anapanda. Akichoka, anarudi nyuma kidogo, na msikilizaji anapumua naye. Mashine ya wakati ule haikufanya lolote kati ya hayo. Pigo la dakika ya sita linatua kwa uzito uleule wa pigo la kwanza. Broadrick ananguruma kama mtu anayesukuma ukuta, na ukuta hausogei. Mateso ya albamu hii yanatoka hapo zaidi kuliko katika maneno yake.

Hata hivyo hakuwa wa kwanza kuweka mashine chini ya magitaa. Big Black wa Chicago walishafanya hivyo. Upya wa Godflesh ni mdundo wenyewe. Broadrick alikuwa mpenzi mkubwa wa hip hop, na ameeleza kwamba katika wimbo wa Christbait Rising alijaribu kuiga dramu za Microphone Fiend ya Eric B. & Rakim. Sikiliza nyimbo hizo mbili zikifuatana. Utausikia mtikisiko uleule wa kiuno, ila huku Birmingham umepunguzwa kasi na kufukiwa chini ya besi. Wanaosema metali ya viwandani haichezeki hawajausikiliza wimbo huu vizuri.

Besi ya Green ndiyo inayobeba tuni. Imekwaruzwa hadi inasaga, na ipo mbele kabisa, mahali ambapo bendi nyingine zingeweka gitaa. Nafasi hiyo inampa Broadrick uhuru wa kuacha kupiga mapigo ya kawaida ya metali: anapinda nyuzi, anaziacha zipige mluzi mbele ya spika, anazikwaruza. Kwenye wimbo wa Like Rats gitaa lake lapiga kelele kama breki za treni, huku besi na mashine zikiendelea na kazi bila kugeuza shingo.

Jalada la albamu lina picha kutoka Altered States, filamu ya Ken Russell ya mwaka 1980: watu waliosulubiwa, nyuma yao moto. Linaifaa albamu hii.

Fear Factory wa Los Angeles walilichukua somo la Godflesh wakaliongezea kasi, na katika Demanufacture ya mwaka 1995 dramu na gitaa zinagonga pamoja kama mtambo mmoja. Isis wa Boston walienda njia ya polepole, wakaurudia wimbo wenyewe wa Streetcleaner. Kwa upande wetu, Duma wa Nairobi, yaani Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala: nao walikuwa wawili, sauti ya kukwaruza, gitaa na mashine. Sidai kwamba waliiga Godflesh. Mashine zao zinakimbia mno. Lakini aliyezoea Duma hatapata shida kuingia Streetcleaner. Aanze na Like Rats, kisha Christbait Rising, na atumie spika zenye besi ya kutosha, kwa sababu kwenye spika ya simu nusu ya albamu hii haisikiki.