Tumimine, Tusichovye

Kila kaumu ina ada zake za usafi. Wakorea, walio mbali nasi mashariki ya Asia, hawaingii nyumbani na viatu, na waogapo hujisugua kwa kitambaa cha kukwaruza mpaka taka zitoke. Nasi Waislamu huvua viatu mlangoni, hupiga mswaki, hustanji kwa maji, na kabla ya kula hunawishwa kwa birika na beseni. Ada hii ya mwisho ndiyo tutakayo kuizungumza, maana twaiona yapotea.

Sisi tukaao Tunduma tu mlangoni pa nchi. Ng'ambo ni Nakonde ya Zambia. Barabara kuu na reli ya TAZARA zapita hapa, na madereva wa magari ya mizigo hula pamoja nasi katika vibanda. Mwezi wa Oktoba 2023 kipindupindu kilizuka Zambia, kikaua watu zaidi ya 700 kabla ya kutulia mwaka 2024. Na maradhi hayaulizwi pasi mpakani.

Kipindupindu hutoka katika choo cha mgonjwa, kikaingia majini au mikononi, kisha kinywani. Mwaka 1854, huko London, Daktari John Snow alionyesha kuwa waliokuwa wakifa walikunywa maji ya bomba moja. Maji yale hayakuonekana kuwa na kasoro, lakini yaliua.

Basi tutazame sahani zetu. Siku hizi huletwa bakuli moja la maji, watu watano wakachovya mikono mmoja baada ya mmoja. Wa kwanza huacha taka zake. Wa mwisho huchukua za wote, kisha hula ugali kwa mkono ule ule. Je, huko ni kunawa?

Chuoni twasomesha, kwa madhehebu ya Imamu Shafi, kuwa maji yasiyofika kulatayni, yaani kiasi cha pipa la lita 200 hivi, yakiingiwa na najisi hunajisika hata kama rangi haikubadilika. Tena Mtume (S.A.W.) alimkataza aamkaye usingizini kutia mkono chomboni kabla ya kuuosha mara tatu, kwani hajui ulilala wapi. Ikiwa mkono uliolala kitandani mwake wahadharishwa hivi, itakuwaje mkono uliotoka sokoni?

Wengine watasema: maji ya Tunduma ni ya kununua kwa ndoo. Ni kweli, lakini kumimina hakuhitaji maji mengi. Mtume (S.A.W.) alitawadha kwa mudi moja, kiasi kisichofika lita moja. Asiye na birika na atengeneze kibuyu chirizi: atoboe tundu dogo katika dumu, alining'inize kwenye mti, afunge kamba na kijiti cha kukanyaga, na sabuni pembeni. Mkono haugusi chombo, na maji hutoka kidogo kidogo.

Kina mama, chemsheni maji ya kunywa, myafunike, na myateke kwa kata yenye mkono mrefu. Kina baba, simamisheni kibuyu kando ya choo kabla ya kununua zulia la sebuleni. Nanyi vijana, mgeni akija shikeni birika, mwanzeni mkubwa, wala msione haya. Kumnawisha mgeni ni heshima kwake na kinga kwenu.

Mwenyezi Mungu atutakase miili na nyoyo, na auhifadhi mji wetu na wa jirani zetu. Amin.